Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Tathmini ya Hotuba za Wataalamu Wageni Kasese na Bwera

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shule za sekondari za wilaya ya Kasese zinaiamini methali hiyo kuliko vitabu vya kiada. Kila mwaka, watahiniwa wanapokaribia kuchagua masomo, walimu hutafuta mtaalamu kutoka Kampala, Fort Portal, Mbarara au hata ng'ambo, aje awazungumzie wanafunzi juu ya kazi na juu ya mambo ya dunia. Viti vya plastiki hupangwa chini ya turubai, spika hukodishwa, na vipindi vya alasiri hufutwa.

Nilisoma kidato cha kwanza hadi cha nne Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, kisha cha tano na cha sita mjini Kasese. Katika miaka hiyo niliwasikiliza wageni kumi na mmoja, na madaftari yangu bado ninayo. Katika insha hii nataka kuzihakiki hotuba zao kama tunavyohakiki utanzu wowote wa fasihi simulizi, maana ndivyo zilivyo: zina fanani, zina hadhira, zina jukwaa na zina fomula zake. Sitawataja wasemaji wala shule. Nitazungumzia hotuba chache tu, zile ambazo daftari langu lina kitu zaidi ya kichwa cha habari na tarehe.

Kwa nini tujishughulishe nazo? Ngano ikiwa mbovu, msikilizaji husinzia, basi. Hotuba ya kazi ikiwa mbovu, mtoto wa mkulima wa kahawa anachagua mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia kwa sababu mgeni alivaa koti jeupe, na baba yake anauza kipande cha shamba kulipia miaka miwili ya mchepuo huo. Na hotuba ya ugonjwa ikiwa mbovu, watu wanazikana.

Nianze na hotuba ya kazi ya kawaida, ambayo kila msomaji wa insha hii ameisikia. Mgeni alizaliwa katika familia maskini. Alitembea pekupeku kwenda shule. Mwalimu fulani alimwambia hatafika popote. Akatokea padri, au shangazi, akalipa karo. Leo mgeni amesafiri nchi nyingi, na hapo hunyamaza kidogo huku akilitazama gari lake lililoegeshwa chini ya mwembe. Muundo huu tunaufahamu: kuzaliwa kwa taabu, safari, vikwazo, msaidizi, ushindi. Ni ngano ya shujaa, na mimi sina ugomvi na ngano. Lakini katika ngano shujaa hufanya jambo. Huchimba shimo, humdanganya zimwi, huvuka mto kwa hila tunayoweza kuisimulia. Katika hotuba hizi ushindi hutokea, kitendo hakionekani.

Niliwahi kurudia kurasa nilizoandika mhandisi mmoja alipozungumza nasi karibu saa nzima, nikapigia mstari vitenzi. Kuamini, kuota, kuvumilia, kujituma, kushinda, kuamini tena. Sikupata kupima, kuchora, kukokotoa, kukagua, wala kubishana na mkandarasi aliyepunguza saruji. Tuliondoka tukijua kwamba yeye ni mhandisi na kwamba Mungu ni mwema. Mhandisi akifika kazini Jumatatu asubuhi anaanza na nini, hakuna aliyejua, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza kwa sababu chakula cha wageni kilikuwa tayari.

Fomula hii ina kasoro nyingine inayoniudhi zaidi. Humfanya shujaa awe mtu aliyeondoka, kana kwamba mambo makubwa hufanywa na waliotuacha nyuma. Hakuna mgeni hata mmoja aliyetuambia kwamba Daktari Crispus Kiyonga, aliyekuwa mbunge wetu wa Bukonzo Magharibi na waziri wa afya, ndiye aliyeongoza mwaka 2001 kamati ya mpito iliyouandaa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Simtaji ili tumpigie makofi. Ni mwanasiasa, na ana wapinzani wake kama wanasiasa wote. Namtaja kwa sababu kazi ile ina maswali ndani yake. Fedha za nchi tajiri zigawanywe vipi? Nani aketi mezani? Kamati ikikosa kukubaliana, mwenyekiti hufanyaje? Hiyo ingekuwa hotuba ya kazi na ya mambo ya dunia kwa pamoja, na wasikilizaji wangejua kijiji inakoanzia.

Mwalimu wangu mmoja, ambaye namheshimu sana, hunipinga hapa. Husema mtoto aliyekaa nyumbani karibu miaka miwili, corona ilipofunga shule za Uganda tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, anahitaji matumaini kwanza, vitenzi vitakuja baadaye. Hoja yake ina uzito. Nimewaona wasichana wawili waliorudi shuleni na watoto mgongoni kwa sababu ya hotuba moja ya kuhamasisha, na sitaki kuidharau siku hiyo. Hata hivyo matumaini nayo yana adabu zake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo mgeni anayesimama mbele ya wanafunzi wa Bwera na kusema "kesho ni yenu" anatumia maneno ambayo wasikilizaji wake wana sababu ya kuyapima kabla ya kupiga makofi.

Upande wa mambo ya dunia tatizo ni lingine. Huko wageni wana maarifa, tena mengi, ila hawajui wamesimama wapi. Mwaka 2022 alitujia Kasese mtaalamu wa mabadiliko ya tabianchi. Projekta ilileta dubu mweupe juu ya kipande cha barafu, kisha ramani ya Greenland, kisha mji wa pwani ya Asia uliojaa maji. Takwimu zake zilikuwa nzuri na sauti yake nzuri. Lakini madirisha ya ukumbi ule yanatazama Rwenzori, mlima ambao jina lake katika Lhukonzo linahusu theluji. Mwaka 1906 msafara wa Mwanamfalme wa Abruzzi kutoka Italia ulivipanda vilele vyake, na picha za Vittorio Sella aliyekuwa katika msafara huo zinaonyesha barafu mahali ambapo leo pana mwamba mtupu. Watafiti wamepima: mwaka 1987 barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la kama kilomita mbili za mraba, na mwaka 2003 ilibaki kama moja. Mgeni alipitwa na mfano uliokuwa nyuma ya mgongo wake.

Hilo ningelisamehe. Nisichokisamehe ni jibu lake. Mwenzetu mmoja, ambaye nyumba yao ilisombwa na mto Nyamwamba Mei 2020, aliuliza kama mafuriko yale yalitoka kwenye barafu inayoyeyuka. Mgeni akajibu, "Hakika," akaendelea na slaidi. Barafu iliyobaki juu ni kidogo mno kuweza kuleta maji yanayobingirisha mawe makubwa kama magari, maji yaliyoiharibu hospitali ya Kilembe tarehe 1 Mei 2013 na yakairudia mwaka 2020. Watu wa Kilembe ukiwauliza watakutajia mvua kubwa, moto ulioteketeza uoto wa juu mlimani kabla ya mafuriko yale ya kwanza, mawe na magogo yaliyoujaza mkondo, na marundo ya mabaki ya mgodi wa shaba yaliyoachwa kando ya mto. Inawezekana mabadiliko ya tabianchi yana mkono katika mvua hiyo, na mtaalamu ndiye aliyepaswa kututenganishia sababu moja na nyingine. Mwenzetu hakuwa anajaribu kuonekana msomi. Alitaka kujua kama wazazi wake wajenge tena palepale.

Sasa nije Bwera, na hapa nitakaa kidogo.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Kati ya Mpondwe na Kasindi kuna mto tu, Lhubiriha, na ng'ambo yake wanaishi Wanande, ambao ni ndugu zetu Wakonzo kwa lugha na kwa damu. Siku za soko maelfu ya watu huvuka na mihogo, maharage, mafuta ya mawese na vitenge. Wataalamu wa afya walijua hatari hiyo, wakaja shuleni mapema, kabla ugonjwa haujavuka. Kwa hilo wanastahili sifa.

Wa kwanza alizungumza Kiingereza cha ripoti. Tusile nyama ya porini, tusishikane mikono, tusiguse maiti, tusivuke ovyo. Mwanafunzi wa sarufi angefurahi: hotuba nzima ilikuwa katika hali ya kukanusha. Alituambia ugonjwa uligunduliwa Yambuku mwaka 1976 na akawataja wanasayansi wa Ulaya. Hakumtaja Jean-Jacques Muyembe, daktari Mkongo aliyefika Yambuku mwaka huohuo na kuwachunguza wagonjwa kabla ugonjwa haujapata jina, yuleyule ambaye Julai 2019 alikabidhiwa uongozi wa mapambano upande wa pili wa mpaka wetu. Wala hakutaja kwamba mwaka 2007, upande mwingine wa mlima wetu, ilipatikana aina mpya ya kirusi cha Ebola ambayo hadi leo inaitwa Bundibugyo kwa jina la wilaya hiyo. Katika masimulizi yake sisi tulikuwa na ugonjwa, wengine walikuwa na maarifa. Tulimsikiliza kwa heshima, na jioni hiyohiyo bwenini watu wakasema Ebola ni biashara ya wakubwa.

Tarehe 11 Juni 2019 ikathibitishwa. Mvulana wa miaka mitano alikuwa amevuka na familia yake iliyotoka kumuuguza babu aliyefariki Kongo. Alipelekwa hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, akafia huko. Bibi yake na mdogo wake nao wakafariki. Nilikuwa kidato cha tatu.

Siku chache baadaye alikuja muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, bila projekta na bila kipaza sauti. Alizungumza Lhukonzo, akachanganya na Kiswahili cha sokoni kwa ajili ya wale waliotoka Kasindi na Beni. Hakuanza na 1976. Alianza kwa kuuliza ni nani amevuka mto wiki hiyo. Mikono ikainuka taratibu, kwa woga, halafu mingi. Akauliza: kwenu mtu akifa, nani humwosha? Tukajibu. Nani humvalisha? Tukajibu. Ndipo akaeleza kwa nini mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi kuliko wa mgonjwa wa siku ya kwanza, kwa nini mtu anaweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya homa kuanza, na kwa nini katika siku hizo, asipokuwa na dalili, hamwambukizi mtu. Hilo la mwisho lilituliza wengi. Tulikuwa tumeanza kuwakimbia wenzetu wa Kasindi.

Maswali yakamiminika. Mvulana mmoja akamwuliza moja kwa moja, "Sista, ni kweli mnalipwa kwa kila mgonjwa?" Mwalimu wa zamu alisimama amkemee. Muuguzi akamwomba akae, akataja mshahara wake, akataja posho ya siku ya kazi ile, akasema posho ya miezi miwili haijafika. Ukumbi ulicheka, na kwa mara ya kwanza tukamwamini mtu. Msichana mwingine akasema shangazi yake anaumwa ng'ambo. "Akifariki nisiende kumzika?" Akajibiwa: "Nenda, mwanangu. Lakini waite wanaozika kwa usalama, simama mbali, chagueni ninyi nguo za kumzikia, na sala zisomwe. Kama familia ya shangazi yako itakubali, mimi sijui. Waulize, nami wiki ijayo nitakuja uniambie." Akaja kweli wiki iliyofuata.

Kwa istilahi zetu, yule wa kwanza aliiona hadhira tuli na huyu aliifanya hadhira tendi. Istilahi ni sahihi, ila hazitoshi. Mtambaji wa ngano naye huishirikisha hadhira, huuliza na kuitikiwa, lakini mwisho wa ngano anaujua tangu mwanzo. Muuguzi hakujua kila kitu alichokuwa akienda kusema. Sehemu ya maarifa aliyoyahitaji, yaani nani huosha maiti, nani huvuka kwa njia gani, watu bwenini wanasema nini, ilikuwa kwetu. Aliichukua kwetu akaitumia mbele yetu. Mgeni aliyekuwa na slaidi hakuhitaji chochote kutoka kwetu isipokuwa utulivu.

Niongeze jambo. Muuguzi yule hakuja kuzungumzia kazi hata kidogo. Alipoulizwa kama haogopi, alitueleza namna ya kuvaa mavazi ya kinga na, zaidi, namna ya kuyavua: kwamba kuvua ndiko kunakoua, kwamba glavu za juu hutolewa kwa utaratibu wake, kwamba mwenzako husimama akikusomea kila hatua. Alikunja mkono wa gauni akatuonyesha alipochomwa chanjo. Vitenzi vyake ninavyo vyote daftarini: kuvaa, kuvua, kunyunyizia, kupima, kuandika, kuhesabu siku, kupiga simu. Wenzangu wawili wa darasa lile wako chuo cha uuguzi sasa. Sidai ni kwa sababu yake. Ila wao walijua wanachokwenda kufanya.

Hotuba nyingine ninayoiweka karibu na hiyo ilitolewa Kasese na mzee aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha kobalti. Kama fani, haikuwa nzuri. Alichukua muda mrefu mno kueleza reli iliyofika Kasese mwaka 1956 na shaba ya Kilembe iliyosafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa, na safu ya nyuma ililala. Kisha akatoa mfukoni chupa yenye mawe ya rangi ya dhahabu. Mgodi wa shaba uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, alisema, uliacha rundo kubwa la mawe haya, na ndani yake mna kobalti. Kuanzia mwaka 1999 waliitoa kwa bakteria. Waliosinzia wakaamka. Bakteria hula mawe? Akaeleza matangi, hewa inayopulizwa, asidi, joto ambalo likizidi wadudu hao hufa na kazi husimama. Naye kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli usiku na mchana ili wasife. Kobalti hiyo, akasema, ni ya aina inayotiwa katika betri za simu.

Msichana mmoja akamwuliza juu ya maji machungu yaliyotiririka kutoka kwenye rundo lile hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, yakaacha ukanda wa ardhi usioota nyasi. Mzee akasema, "Swali lako ni zuri. Mimi nililipwa na kiwanda miaka mingi, kwa hiyo nisikilizeni huku mkilijua hilo." Halafu akajibu: rundo lilikuwepo kabla ya kiwanda, kulichakata kulilipunguza, na bado kuna mambo ambayo watu wa hifadhi watawaeleza tofauti na yeye, waalikeni nao. Sijamsikia mgeni mwingine akiwaambia wenyeji wake wamwalike mtu wa kumpinga.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi, ingawa najua wahadhiri wetu wangependa nirefushe. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Baadaye tukaletewa mgeni wa kutueleza faida za Kiswahili katika ajira. Alizungumza dakika arobaini, zote kwa Kiingereza, isipokuwa "habari zenu" na "asanteni sana". Alisema Kiswahili kinafungua milango. Kongo ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uleule, na kule Mpondwe kuna mawakala wa forodha, wakalimani, madereva wa malori na akina mama wanaojaziwa vyeti vya uasili vya bidhaa zao ndogo, wote wakitumia Kiswahili tangu asubuhi. Milango hiyo ina majina, na mmoja wao angeweza kuja kwa nauli ya bodaboda.

Nilipokuwa nikiandika insha hii nilimwomba mwalimu mmoja wa Bwera karatasi za maswali ambazo hazikusomwa. Huko, kama katika shule nyingi, mwanafunzi huandika swali, mwalimu huchagua matatu yasiyoaibisha, na mengine hubaki ndani ya bahasha. Nilizisoma zote. Mengi yanauliza karo: nani hulipa, mkopo wa serikali hupatikanaje, ukishindwa mwaka wa pili inakuwaje. Mmoja anamwuliza mwanasheria kama amewahi kumtetea mtu aliyejua ana hatia, na usiku huo alilala. Mwingine anamwuliza daktari mshahara wake wa kwanza aliununulia nini. Mwingine anauliza kama mtu mwenye ndugu waliochukuliwa na waasi anaweza kuajiriwa jeshini. Mwalimu amekubali kwamba muhula ujao bahasha itatumwa kwa mgeni wiki moja kabla hajafika, na kwamba saa ya kwanza itakuwa ya maswali, hotuba ifuate kama muda utabaki. Mgeni aliyealikwa, mtaalamu wa udongo, bado hajajibu.